FREDERICK LANCHESTER, BABA WA BREKI ZA DISKI
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka jarida letu hutuletea maisha ya watu mashuhuri, na aghalabu huwa ni washairi, wapigania uhuru au wanariadha. Hao wanastahili heshima zote. Mwaka huu nimeonelea nimtoe mtu wa karakana, mtu wa mafuta mikononi. Sisi wa shule ya kutwa hupanda matatu asubuhi na jioni. Dereva akikanyaga breki ghafla pale steji, sisi hufika salama kwa sababu ya fikira iliyoandikishwa na bwana mmoja wa Uingereza mwaka 1902. Jina lake ni Frederick William Lanchester. Wengi wetu hatujapata kulisikia. Mgala muue na haki yake mpe, na haki ya mzee huyu nimeamua kuidai hapa.

Lanchester alizaliwa London tarehe 23 Oktoba 1868. Baba yake alikuwa msanifu wa majengo, na mama yake alikuwa mwalimu wa Kilatini na hisabati. Walikuwa watoto wanane nyumbani, naye alikuwa wa nne. Akiwa bado mtoto mchanga, wazazi wake walihamia upande wa Brighton, mji ulioko ufuoni mwa bahari. Alipokua alisoma Southampton, kisha akapata msaada wa masomo wa kwenda chuo cha sayansi kilichokuwa South Kensington, London. Jioni alikuwa akienda chuo kingine kujifunza kazi za uhandisi kwa mikono. Jambo la ajabu ni kwamba aliondoka chuoni bila cheti chochote. Msinielewe vibaya, sisemi tuache kufanya mitihani! Nasema tu kwamba kijana huyu hakukaa chini kulia. Alitafuta kazi ya kuchora michoro kwenye afisi ya hataza, yaani mahali ambapo mtu huandikisha uvumbuzi wake ili usiibwe.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 aliajiriwa na kampuni ya Forward, iliyounda injini za gesi huko Saltley, mjini Birmingham. Hapa ndipo alipoonyesha akili ya kipekee. Mkataba aliopewa ulikuwa na kifungu kilichosema kwamba chochote atakachovumbua kitakuwa mali ya kampuni. Kijana huyo, ambaye alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, alichukua kalamu akakifuta kifungu hicho kabla ya kutia sahihi. Muda si mrefu alivumbua kidhibiti mwendo cha injini, na kampuni ikawa inamlipa shilingi 10 za Kiingereza kwa kila injini iliyofungwa kidhibiti hicho. Baadaye alivumbua namna ya kuiwasha injini ya gesi bila kuhangaika. Je, angetia sahihi bila kusoma, angepata nini? Angeambulia patupu. Ndugu zangu mnaomaliza shule mwaka ujao na kwenda kutafuta vibarua, kifungu hicho kimoja kingetosha kuwa somo zima.

Pesa alizopata hakuzila ovyo. Alitaka kuunda gari. Wakati huo watu wengi waliounda magari walichukua kigari cha farasi, wakamtoa farasi, wakatia injini mahali pake, basi. Lanchester hakutaka mchezo huo. Alianza upya kwenye karatasi, akauliza gari lenyewe linahitaji nini. Gari lake la kwanza lilitoka barabarani mapema mwaka 1896, likiwa na injini ya silinda moja. Kumbukeni kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 ilikuwa bado ina nguvu, na sheria hiyo iliruhusu mwendo wa maili 4 tu kwa saa mashambani na maili 2 mijini. Hata mtoto wa darasa la tatu angelipita gari hilo kwa miguu. Ni mwezi wa Novemba mwaka huo huo ndipo sheria ilipolegezwa. Hakuridhika na mtikisiko wa injini ya silinda moja, akaunda nyingine ya silinda mbili ambazo mitikisiko yake ilimezana. Ndugu yake George alikuwa bega kwa bega naye katika karakana, na ndugu mwingine, Frank, alishughulikia biashara.

Desemba 1899 wakaanzisha kampuni ya Lanchester mjini Birmingham. Na hapo ndipo tunapofika kwenye breki.

Magari ya wakati huo yalikuwa na breki za kusikitisha. Mengine yalikuwa na kigogo kilichokandamizwa kwenye tairi, mengine yalikuwa na ukanda uliokaza dramu kwa nje. Ukishuka mlima, ukanda ulipata moto, ukalegea, nawe ukabaki kumwita Mungu wako. Mwaka 1902 Lanchester aliandikisha hataza ya breki ya namna nyingine kabisa. Alichukua sahani nyembamba ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, kisha akaweka taya mbili za kuibana sahani hiyo ukingoni, moja upande huu na nyingine upande ule. Hebu jaribu kulizungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, kisha ubane rimu kwa kidole gumba na cha shahada. Umeshaielewa breki ya diski. Taya hizo leo mafundi wetu huziita kalipa, na vipande vinavyogusa diski huitwa pedi.

Kwa nini fikira hiyo ni bora? Tuulize fizikia. Gari la kilo 1,000 likienda mita 15 kwa sekunde lina nishati mwendo ya jouli 112,500. Likiongeza mwendo mara mbili, hadi mita 30 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 108 kwa saa, nishati haiongezeki mara mbili tu. Inaruka mara nne, hadi jouli 450,000. Gari likisimama, karibu nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto. Tukichukua diski zenye uzito wa kilo 20 kwa jumla, na tukijua kwamba kilo moja ya chuma huhitaji jouli 460 hivi ili ipande nyuzi moja, kusimama mara moja tu kutapandisha joto la diski kwa nyuzi 49 hivi. Simama mara kumi mfululizo bila kuzipa nafasi ya kupoa, uone! Dramu huficha joto hilo ndani kama sufuria iliyofunikwa, na ikipata moto hupanuka, ikaenda mbali na viatu vya breki. Diski iko hewani, inapoa, na ikipanuka huzidi kuwa nene, kwa hiyo haizikimbii pedi.

Basi mbona dunia haikumshangilia? Jibu ni shaba nyekundu. Wakati ule hapakuwa na kitu kizuri cha kutengenezea pedi, kwa hiyo Lanchester alitumia shaba. Barabara zilikuwa za vumbi na changarawe, na vumbi hilo liliingia kati ya shaba na diski likafanya kazi ya msasa. Pedi ziliisha upesi. Tena zilipiga kelele za kukwaruza ambazo zingewaamsha hata wafu. Mnamo 1907 Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alianza kutumia asibesto kwenye breki, na kelele zikapungua. Lakini ulimwengu wa magari ulikuwa umeshashika njia ya dramu, na diski ikawekwa kando kwa zaidi ya miaka arobaini. Naomba msomaji akumbuke jambo hili mpaka mwisho: diski ya mzee haikuwa na kasoro kubwa. Kilichomwangusha ni kwamba mwenzake diski, yaani pedi, hakuwa tayari.

Maisha yake hayakuwa ya breki peke yake. Mwaka 1904 alivumbua mihimili ya kusawazisha injini, na miaka sabini hivi baadaye, kampuni ya Mitsubishi ya Japani iliirudisha fikira hiyo katika injini zake. Aliwatazama ndege wakielea angani bila kupiga mabawa, akaandika nadharia ya namna bawa linavyobebwa na hewa. Mwaka 1897 wanazuoni wa London waliikataa makala yake. Hakufa moyo. Mwaka 1907 na 1908 alitoa vitabu viwili juu ya kuruka angani, na leo wahandisi wa ndege hulitaja jina lake pamoja na la Mjerumani Prandtl. Mwaka 1916 alitoa kitabu kuhusu ndege katika vita, ambamo alionyesha kwa hesabu jinsi wingi wa jeshi unavyoathiri ushindi. Mwaka 1922 akaingizwa katika Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza.

Ila pesa hazikumfuata. Kampuni yake iliishiwa na mtaji mwaka 1904 ikawekwa chini ya mfilisi, ingawa magari yake yalipendwa. Ikafufuliwa mwaka 1905, lakini yeye hakuwa tena na usemi aliokuwa nao. Mwaka 1909 akawa mshauri wa kampuni ya Daimler. Alioa mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka hamsini, mke wake akiitwa Dorothea. Hawakujaliwa watoto. Mwaka 1931 kampuni iliyobeba jina lake ilinunuliwa na wengine. Kisha ugonjwa wa Parkinson ukamwingia, ukamtetemesha mikono ile ile iliyochora injini, na macho nayo yakadhoofika. Aliweza kubaki katika nyumba yake kule Birmingham kwa msaada wa hisani tu. Akafariki dunia tarehe 8 Machi 1946. Mtu aliyefuta kifungu cha mkataba akiwa kijana alimaliza safari bila mali. Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilifunga kitabu kidogo, nikanyamaza.

Miaka saba tu baada ya kifo chake, diski zikafufuka. Juni 1953, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa, kampuni ya Jaguar ilipeleka magari yake ya C-type yakiwa na breki za diski zilizoundwa pamoja na Dunlop. Wakati huo kule kulikuwa na barabara iliyonyooka karibu kilomita 6, na mwisho wake kulikuwa na kona kali. Wenye dramu walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema. Wa Jaguar walisubiri, wakasubiri, ndipo wakakanyaga. Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda, na kwa mara ya kwanza mwendo wa wastani wa mshindi ukapita maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Jaguar nyingine zikawa za pili na za nne. Baada ya hapo hakuna aliyebishana tena. Citroën DS ya 1955 ilikuwa na diski mbele, Triumph TR3 ikazipata mwaka 1956, Jaguar XK150 ikaja nazo magurudumu yote manne mwaka 1957, na E-type ikafuata mwaka 1961. Mwaka 1966 Porsche walitoa 911S yenye diski zilizo na matundu ya hewa katikati ili zipoe haraka. Hata hapa kwetu, Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 ilikuwa na diski mbele na dramu nyuma.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike haya. Mjomba wangu ni makanika wa jua kali, na wakati wa likizo mimi humshikia taa na kumpa spana. Likizo iliyopita aliletewa MGB, gari la michezo la Kiingereza lililoundwa kati ya 1962 na 1980. Mwenyewe, mzee mmoja mpole sana, alitaka lisimame kama gari la kisasa. Alikuwa ameagiza kutoka ng'ambo diski kubwa zilizotobolewa matundu ya kupendeza. Ati afungiwe tu, jioni aende zake. Diski asilia za gari hilo zina kipenyo cha inchi 10.75, na rimu zake ni za inchi 14. Mjomba alizitazama hizo mpya, akatikisa kichwa, akachukua utepe wa kupimia. Siku ile nilijifunza mengi kuliko muhula mzima. Nayaandika kwa sababu wengi wetu tuna ndugu wanaopenda kubadilisha vipuri.

Kwanza, rimu. Diski kubwa husukuma kalipa nje, na kalipa ikigusa rimu gurudumu halizunguki. Ya mzee yule iligusa. Pili, matundu ya bolti na tundu la katikati lazima yalingane na habu, si kwa kukisia, bali kwa kipimo. Tatu, kina cha kofia ya diski, yaani ile sehemu ya katikati iliyoinuka. Ikizidi au ikipungua kwa milimita chache, diski haikai katikati ya kalipa, na pedi moja italiwa upande. Nne, unene. Diski yenye matundu ya hewa ni nene, wala haiwezi kuingia kwenye kalipa iliyoundwa kwa diski nyembamba.

Tano, silinda kuu, ile inayosukumwa na kanyagio. Hapa ndipo sheria ya Pascal tuliyofundishwa inapofanya kazi. Tuseme silinda kuu ina eneo la sentimita mraba 3, na bastola za kalipa zina jumla ya 30. Bastola hizo zikisogea milimita 1, ile ya silinda kuu lazima isogee milimita 10. Ukifunga kalipa kubwa zenye jumla ya 45, sasa itabidi isogee milimita 15. Kanyagio litazama chini sana, na huenda likagusa sakafu kabla gari halijasimama. Sita, uwiano wa mbele na nyuma. Ukipeleka pedi kutoka sentimita 10 hadi 12 kutoka katikati ya gurudumu, kani ile ile inapata nguvu ya kuzuia iliyozidi kwa asilimia 20. Je, nyuma umefanya nini? Ukiimarisha mbele peke yake, magurudumu ya mbele yatajifunga mapema, yateleze, na usukani usikusikie. Ukizidisha nyuma, gari litageuka mkia mbele. Tena tairi zikiwa kuukuu, hata diski ya dhahabu haisaidii kitu, maana mwisho wa yote ni mpira ndio unaoshika lami.

Mjomba alimweleza mzee yule kwa heshima kwamba hatazifunga. Alimshauri achukue diski mpya za kipimo kile kile cha zamani, pedi nzuri, mipira mipya ya breki na mafuta mapya ya breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na yakipata moto unyevu ule hugeuka mvuke ambao hukandamizika kama sifongo. Mjomba pia alikataa kabisa kupuliza vumbi la breki kuukuu, akalifuta kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa pedi za zamani zinaweza kuwa na asibesto, ambayo huleta saratani. Uingereza yenyewe iliipiga marufuku mwaka 1999. Mzee hakufurahi. Pesa zake za diski zilikuwa zimekwenda, naye mjomba alikosa malipo makubwa ambayo sisi nyumbani tulikuwa tumeshayapigia hesabu, ikiwemo karo yangu. Sitaficha kwamba nilinung'unika moyoni. Lakini wiki mbili baadaye mzee alirudi na vipuri alivyoagizwa, kazi ikafanyika, na gari likasimama sawasawa bila kuvuta upande.

Ninapomfikiria Lanchester na shaba yake, naona mjomba yuko katika ukoo mmoja naye. Breki ni jamaa nzima: kanyagio, silinda, mafuta, kalipa, pedi, diski, rimu na tairi. Mmoja akitangulia wenzake, wote huaibika. Lanchester alitangulia kwa miaka hamsini, akalipa yeye. Anayefunga diski kubwa kwa ajili ya urembo akashuka nayo mteremko wa Mai Mahiu, watakaolipa ni abiria na waendao kwa miguu.

Kule Coventry, Uingereza, maktaba ya chuo kikuu cha mji huo imepewa jina la Lanchester. Si haba kwa mtu aliyetoka chuoni bila cheti. Wanafunzi wenzangu, hasa ninyi ambao hesabu huwatoa jasho, na ninyi ambao mmeambiwa kazi ya mikono ni ya walioshindwa, msidanganyike. Someni Pascal, someni nishati mwendo, kisha mwende mkaone kwa macho katika karakana iliyo jirani nanyi. Na mkipewa mkataba, usomeni hadi mwisho kabla ya kutia sahihi.